Chipukizi la kaktasi halihitaji maji siku ya kwanza

Wengi huamini kwamba chipukizi la kaktasi likishang'olewa lifukiwe na kumwagiliwa papo hapo, kama marando ya viazi. Ndivyo linavyooza. Jeraha bichi likikaa kwenye unyevu huingiwa na kuvu. Baada ya siku chache kitako huwa cha kahawia, laini, na ukikibonyeza hutoa majimaji.

Liache kivulini penye hewa siku 7 hadi 10, mpaka jeraha liwe gumu kama gamba. Kampala, wakati wa mvua za Machi hadi Mei, hesabu wiki 2. Kisha liketishe juu ya mchanga wa chenga kubwa uliochanganywa nusu kwa nusu na udongo mkavu. Maji ya kwanza ni baada ya wiki moja. Mizizi huchukua wiki 3 hadi 6.

Kuunganisha, yaani kupandikiza chipukizi juu ya shina la kaktasi nyingine, ni kinyume kabisa: jeraha likikauka, hapashiki. Kata kwa kisu kilichofutwa spiriti, gusanisha viduara vya katikati vya chipukizi na vya shina la chini, hata kama vinakutana sehemu tu, kisha funga kwa mpira siku 10. Zile kaktasi nyekundu tupu hazina klorofili, ile rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kujitengenezea chakula, kwa hiyo huishi kwa kuunganishwa tu. Udongoni peke yake hufa, uzitunze vipi.