Maji ya kijani Ziwa Victoria: kuchemsha hakuondoi sumu

Kila maji ya Ghuba ya Winam pale Kisumu yakigeuka kijani utasikia maneno yaleyale, na linaloniuma zaidi ni hili, "chemsha tu, yatakuwa sawa." Hayawi sawa jamani. Kuchemsha kunaua vijidudu, kweli, hata kipindupindu unajikinga hivyo, lakini maikrosistini, sumu ya bakteria wanaoleta hiyo kijani, haiondoki kwa moto wa jikoni, tena hao bakteria wakipasuka kwa joto ndo wanaimwaga yote majini, na maji yakipungua kwa mvuke sumu inabaki palepale kwenye sufuria. 2014 mji wa Toledo kule Marekani, wanaotumia maji ya Ziwa Erie, zaidi ya watu 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasijaribu kuyachemsha. Hii sumu inashambulia ini.

Halafu kuna wanaosema ni gugu maji limeoza. Gugu maji ni mmea, unaung'oa kwa mkono. Hii kijani ni sayanobakteria, ndo hao bakteria niliowataja, mmoja mmoja huwezi kumuona bila hadubini, na aina ya Microcystis wanashikana vibonge na wana vifuko vya hewa ndani ya seli, ndo maana asubuhi upepo ukitulia unakuta utando mzito umepanda juu kama rangi ya mafuta imemwagika, mchana mawimbi yakichanganya maji yanaonekana afadhali na watu wanachota. Sumu bado imo.

Eti kiwanda kimemwaga rangi? Hapana, wanaoleta haya ni fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea inayosombwa na mvua mashambani pamoja na maji taka ya miji, vinaingia kwenye ghuba yenye kina kifupi ambayo maji yake hayatoki haraka kwenda ziwa kubwa.

Si sayanobakteria wote wabaya lakini. Spirulina wanayokula flamingo wa Ziwa Bogoria ni sayanobakteria pia.

Na samaki wakielea wamekufa usikimbilie kusema kuna mtu katia sumu, mara nyingi oksijeni imeisha usiku. Wale wazima, sumu hukaa zaidi kwenye ini na matumbo, kwa hiyo ngege (tilapia) mtoe matumbo yote kabla ya kupika. Omena (dagaa) ndo mtihani maana tunamla mzima, basi angalau asivuliwe penye utando. Ng'ombe na mbuzi nao wasinyweshwe hapo, na mtoto akiogelea humo mwoshe haraka kwa maji safi.