Kanisa la kijijini Ufaransa sio mali ya padre: soma hapa kabla hujashika brashi

Tangu kampeni ya kuchangia majengo ya ibada ya vijijini ianze Ufaransa Septemba 2023 (lengo euro milioni 200 kwa miaka 4, kwa maeneo yenye watu chini ya 10,000) tunapata maswali mengi kuhusu kupaka rangi na kukarabati makanisa toka kwa ndugu zetu wanaosali huko, wakiwemo mapadre waliotoka Kongo kuhudumu parokia za vijijini. Nia yao ni njema kabisa. Shida inaanza pale mtu ananunua rangi kwanza halafu ndo anauliza.

Kanisa sio la padre, sio la askofu, na tafadhali sio la Roma, hili tumelisema mpaka tumechoka. Kwa sheria ya 9 Desemba 1905 na zilizofuata 1907 na 1908, makanisa ya parokia yaliyokuwepo wakati ule karibu yote ni mali ya komuni, yaani kijiji chini ya meya, na padre na waumini wanayatumia kwa ibada bila kulipa. Maeneo ya Alsace na Moselle yana utaratibu wao, na lililojengwa baada ya 1905 laweza kuwa la jimbo la askofu, kwa hiyo hakikisheni kwanza.

Kwanini tunang'ang'ania ukuta usiguswe? Nendeni kijiji cha Nohant-Vic, eneo la Indre, kanisa la Saint-Martin. Kwa nje ni dogo tu, unaweza kulipita. Mwaka 1849 padre wa pale, abbé Périgaud, akakuta chini ya chokaa michoro ya karne ya 12: Yuda anambusu Yesu huku askari wamejazana, Karamu ya Mwisho, Yesu anaingia Yerusalemu, watu warefu waliopinda utadhani wanacheza. Mwandishi George Sand, aliyekuwa akiishi Nohant hapo jirani, akalipigia debe, Prosper Mérimée mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria akahusika, na 1850 likawekwa chini ya ulinzi. Sasa mtu angelikwangua lile chokaa kuta zing'ae kwa Pasaka, leo tungeona nini?

Na saruji jamani! Ukuta wa mawe na chokaa unatoa unyevu wenyewe, ukiupiga lipu ya saruji maji yanabaki ndani, chumvi inapanda, jiwe linamomonyoka na mchoro unabanduka.

Utaratibu uko hivi. Jengo likiwa classé (ulinzi wa ngazi ya juu), kibali kinatoka kwa prefekti wa région, yaani mwakilishi wa serikali mkoani, kupitia DRAC, ofisi ya utamaduni, na mwombaji ni mwenye mali, yaani komuni, sio wewe wala kwaya yako. Likiwa inscrit (ulinzi wa ngazi ya chini yake), taarifa itolewe miezi 4 kabla ya kazi. Kengele, sanamu na kalisi vinaweza kuwa na ulinzi wake hata kama jengo halina, na hata kuhamisha sanamu upande wa pili msifanye bila kuuliza. Majengo yanatafutwa kwenye kanzidata iitwayo Mérimée, vitu kwenye iitwayo Palissy, bure mtandaoni.

Kuharibu kwa makusudi au kuiba kitu kilicholindwa: kifungo mpaka miaka 7 na faini euro 100,000, mkiwa kundi miaka 10 na euro 150,000, na faini inaweza kupandishwa mpaka nusu ya thamani ya kitu chenyewe. Kufanya kazi bila kibali nako kuna adhabu zake, na kila kesi inaangaliwa kivyake.

Ukiona rangi ya zamani inachungulia chini ya chokaa usikwangue, usilowanishe, piga picha uipeleke kwa meya.