Spiriti haiyeyushi chumvi

Jana tena. Mwalimu wa sekondari kutoka Likoni ameniwekea kalamu ya leza mezani hapa Kibokoni, Mombasa, ile ya mwanga wa kijani, akaniambia, "Fundi, nimeifuta kwa spiriti mara tatu na nukta ya mwanga ukutani bado ina ukungu." Kwa kioo cha kukuzia nikaiona mikwaruzo ya duara juu ya lenzi, imefuata kidole chake kilivyozunguka. Huyu ni wa nne mwezi huu, na wote wamefanya lilelile: spiriti ya duka la dawa, pamba, sugua. Wote wameambiwa na mtu kwamba spiriti huondoa kila kitu.

Spiriti huondoa mafuta. Kwa alama za vidole ni nzuri mno. Lakini kalamu inayolala dirishani mji huu, hasa wakati wa kusi, pepo zikitoka baharini, haishiki mafuta peke yake. Inashika chumvi. Vitone vya maji ya bahari hupeperuka, vikatua kwenye lenzi, maji yakakauka, chumvi ikabaki. Na chumvi haiyeyuki katika spiriti! Tia punje chache za chumvi ya jikoni kwenye kifuniko chenye isopropili, yaani spiriti, ya asilimia 99, tikisa, ngoja saa nzima. Utazikuta. Zitie kwenye maji uone zinavyokwenda.

Sasa ukipitisha pamba ya spiriti juu ya punje hizo, huzifuti, unazikokota. Na lenzi ya kalamu ya bei rahisi aghalabu ni plastiki, akriliki, laini kuliko kioo. Pakiwa na mchanga ndiyo balaa, maana mchanga hukwaruza hata kioo chenyewe.

Kuna anayenijibu kwamba spiriti ya duka la dawa ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, basi chumvi itayeyuka. Itayeyuka kidogo, ndiyo. Lakini alkoholi hutangulia kuruka, maji yakabaki nyuma na chumvi yao, na yakikauka yanaacha duara jeupe ukingoni mwa lenzi. Huo ndio ukungu wa Mwalimu. Mtu akiuona anaongeza spiriti na kusugua kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo lenzi inapokufa. Naumia kuona kitu kizima kikiharibiwa na juhudi.

Njia yangu ni hii. Toa betri kwanza. Usiitazame lenzi kwa karibu betri zikiwa ndani; mwaka 2013 NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, ilipima kalamu 122, na karibu asilimia 90 za kijani zilizidi nguvu inayoruhusiwa. Kisha puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira. Si kwa mdomo, mdomo una mate.

Halafu maji ya betri ya gari, yale safi yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri. Maji ya bomba hapana, na ya kisima hapana kabisa, yana chumvi yake. Lowesha pamba ya masikio, ikamue, ilaze juu ya lenzi sekunde chache, inyanyue bila kusugua. Pamba mpya, rudia, hata mara tatu. Ikibaki alama ya kidole yenye mafuta, hapo ndipo spiriti ya 99 inapoingia, kwa mpito mmoja mwepesi kutoka katikati kwenda nje. Asetoni usiilete karibu, inayeyusha akriliki.

Na hata hiyo spiriti hunitia wasiwasi. Nimeona akriliki ikipata nyufa nyembamba kama nywele baada ya kuguswa nayo, kwa sababu plastiki ilibanwa vibaya ilipokuwa ikitengenezwa, na kwa macho siwezi kuitambua mapema. Kwa hiyo kwenye kalamu za bei rahisi mara nyingi naishia kwenye maji. Nukta ikibaki na kivuli kidogo, naiacha.

Vilevile chembechembe zinazometameta ndani ya nukta si uchafu. Tikisa kichwa: zikitembea, ni mawimbi ya leza yenyewe yanakutana ukutani, na hakuna pamba itakayoziondoa. Na nukta ikiwa hafifu bila ukungu wala miale pembeni, lenzi iache. Badilisha betri.