Je, Wajua Weusi wa Montgomery Walifikaje Kazini kwa Siku 381 Bila Kupanda Basi?

Habari za Rosa Parks wengi tumezisikia. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mama huyu mshonaji alikataa kumwachia abiria Mzungu kiti chake kwenye basi, akakamatwa. Tumesikia pia kwamba Weusi wa mji ule waliyasusia mabasi, na kwamba mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King, akajulikana nchi nzima. Lakini kuna swali ambalo yeyote anayetegemea daladala angeuliza kwanza: watu hao walifikaje kazini? Maana hawakususia wiki moja wala mbili. Walianza 5 Desemba 1955, wakamaliza 20 Desemba 1956.

Kama abiria wanne walikuwa ndani ya basi la Montgomery, takriban watatu walikuwa Weusi. Wengi walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, wapishi, yaya na vibarua, waliokaa mitaa yao na kwenda kufanya kazi mitaa ya Wazungu. Viti 10 vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata vikiwa vitupu. Mara nyingi mtu Mweusi alilazimika kulipa nauli mbele kwa dereva, kisha ashuke na kuzunguka ili aingilie mlango wa nyuma, na wako madereva walioondoa gari kabla hajaufikia. Georgia Gilmore, mpishi na mama wa watoto kadhaa, alifanyiwa hivyo Oktoba 1955: nauli ikachukuliwa, basi likaenda. Tangu siku ile hakupanda tena, miezi miwili kabla ya mji mzima kumfuata.

Hasira hiyo ilikuwa na watu waliokwisha kuipangia kazi. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Weusi cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alimwandikia meya barua tangu Mei 1954 akimwonya kwamba Weusi walikuwa wanafikiria kuyasusia mabasi. Usiku wa kuamkia 2 Desemba 1955, aliposikia Parks amekamatwa, alikwenda chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakakesha kwenye mashine ya kudurufu wakichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi. Wachungaji walipokutana Ijumaa jioni kujadili la kufanya, vipeperushi vilikuwa vimeshasambaa mjini. King alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha kuongoza mgomo huo Jumatatu, watu walipokuwa tayari wametembea kwa miguu tangu asubuhi. Mojawapo ya sababu za kumchagua ni kwamba alikuwa mgeni mjini, hajaingia katika ugomvi wa makundi ya wenyeji. Kipaji chake kilikuwa kikubwa, na hotuba yake ya jioni ile katika kanisa la Holt Street iliwatia watu moyo hasa. Ila kumwita mwanzilishi ni kuwadhulumu wanawake wale.

Sasa turudi kwenye usafiri. Siku za mwanzo zilibebwa na teksi za Weusi, zilizokubali kutoza senti 10 kwa kichwa, sawa na nauli ya basi. Mji ukafukua sheria iliyotaka teksi itoze si chini ya senti 45. King akampigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako Weusi walisusia mabasi kwa siku chache mwaka 1953, amweleze walivyofanya. Jibu likawa magari ya watu binafsi.

Hapo ndipo napaona pa kustaajabisha zaidi. Magari yapatayo 300 yaliandikishwa. Wapeleka barua Weusi, walioujua mji kichochoro kwa kichochoro, walisaidia kuchora njia. Kukawa na vituo zaidi ya 40 vya kuchukulia watu asubuhi na vingine vya kuwarudishia jioni, na uwanja mmoja wa kuegeshea magari katikati ya mji, mali ya Mweusi, ukawa makao ya waongozaji. Madereva walikuwa walimu, wachungaji, wenye maduka, na hata akina mama wa Kizungu waliokwenda kuwachukua wafanyakazi wao wenyewe. Meya W. A. Gayle aliwalaumu hadharani akina mama hao, nao wengine wakamjibu aje basi awafulie nguo. Na walikuwapo wazee walioyakataa magari, wakatembea kwa hiari ili waonekane wanatembea.

Mji haukukaa kimya. Polisi waliwasimamisha madereva kwa makosa madogo madogo. King mwenyewe alitiwa ndani Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa penye kikomo cha 25. Siku chache baadaye nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu. Februari watu 89 wakashitakiwa kwa sheria ya 1921 iliyokataza kususia biashara. Kampuni zikafuta bima za magari, mpaka ikapatikana nyingine kutoka Lloyd's ya London.

Fedha za petroli zilichangwa makanisani na kutumwa na marafiki wa mbali, lakini nyingine zilitoka jikoni. Gilmore aliwakusanya wanawake wakauza kuku wa kukaanga, keki na mikate ya matunda, kikundi chao wakakiita Klabu ya Kutoka Popote Pale. Waliowapikia Wazungu mchana hawakutaka kujulikana usiku. Kila mkutano Gilmore alisoma jumla iliyopatikana, na alipoulizwa imetoka wapi, jibu lilikuwa kwenye jina. Baada ya kutoa ushahidi mahakamani alifukuzwa kazi, akaanza kupikia nyumbani kwake.

Madai ya kwanza yalikuwa madogo kuliko tunavyodhani: heshima kutoka kwa madereva, madereva Weusi katika njia za mitaa ya Weusi, na kukaa kwa kutangulia, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele. Mji ukakataa hata hayo. Ndipo wakili kijana Fred Gray akafungua kesi ya kupinga ubaguzi wenyewe kwa niaba ya wanawake, na Parks hakuwamo. Wanne waliobaki mpaka mwisho ni Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na Claudette Colvin, ambaye alikamatwa Machi 1955 kwa kukataa kuachia kiti kama Parks, akiwa na miaka 15.

Tarehe 13 Novemba 1956, King akiwa mahakamani Montgomery kuutetea utaratibu wa magari usipigwe marufuku, habari ikafika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imewapa wanawake wale ushindi. Marufuku ya magari ilitolewa vilevile siku hiyohiyo. Kwa hiyo wiki tano zilizobaki, mpaka amri ya Washington ilipofika, walikwenda kwa miguu na kwa msaada wa majirani wenye magari. Tarehe 21 Desemba wakapanda mabasi, wakakaa walipopenda. Colvin alisubiri zaidi: kumbukumbu ya kesi yake ya utotoni ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.