Servisi ya gari: unacholipia, usichohitaji na usichopaswa kuruka

Karatasi ya gereji ikija na jumla moja tu chini yake, mwenye gari hana njia ya kujua kama amelipa ghali au nafuu. Asiyejua ni kazi gani imefanyika hawezi kuhoji bei, wala hawezi kujua kama kazi yenyewe ilihitajika. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wakitozwa kwa mambo yasiyo na faida, huku yale yanayookoa injini, na hata maisha, yakirukwa mwaka baada ya mwaka.

“Ukishamwaga oili, servisi imekwisha”

Kumwaga oili na kubadilisha filta yake ni sehemu moja ya ratiba ndefu. Gari la kawaida lina vimiminika kadhaa, na kila kimoja huchoka kwa kasi yake: oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, kulanti (kimiminika cha kupoza injini) na, kwenye magari mengi ya zamani, mafuta ya usukani. Kisha kuna filta ya hewa, filta ya kabini, filta ya mafuta na plagi. Servisi ndogo hugusa oili na filta yake pamoja na ukaguzi. Servisi kubwa huja baada ya servisi ndogo kadhaa, ikiongeza kila kilichofikia zamu. Zamu hizo zimeandikwa kwenye kitabu cha gari kwa kilomita na kwa miezi, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Ndiyo maana servisi ya mwaka huu inaweza kugharimu mara mbili ya iliyopita bila gereji kupandisha bei yoyote.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mafuta ya breki. Hufyonza unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa mujibu wa viwango, mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Sasa teremka mlima mrefu na mzigo: breki zinapata moto, mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedeli inazama hadi chini na gari halisimami. Watengenezaji wengi wanataka mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3. Ni kazi ya bei ndogo, na ndiyo ambayo singekubali irukwe kamwe.

“Kwenye rejeta maji ya bomba yanatosha”

Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Hupandisha kiwango cha kuchemka, na ina kemikali zinazozuia kutu na kulinda sehemu za aluminiamu. Maji ya bomba hayana ulinzi huo, na mengi huacha chokaa inayoziba njia nyembamba za rejeta. Injini ikichemsha hadi silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ipinde, gharama ya kuitengeneza itazidi mbali ile ya kulanti uliyokwepa. Usichague kulanti kwa rangi pia. Rangi haina kiwango cha pamoja, na makopo mawili ya kijani yanaweza kuwa na kemikali zisizopatana. Soma maelezo ya kopo na ulinganishe na kitabu cha gari.

“Kila gari, oili ni kilomita 5,000”

Kipimo hiki kilikuwa na maana enzi za oili za madini na injini za zamani. Injini nyingi za sasa zinazotumia oili ya sintetiki zimepangiwa kilomita 10,000, na baadhi hadi 15,000. Anayebadilisha kila 5,000 kwenye gari la namna hiyo, akiwa anaendesha barabara ndefu na safi, analipa mara mbili au tatu bila sababu.

Lakini kitabu hichohicho huwa na ukurasa ambao wengi hawaufikii: matumizi magumu. Vumbi jingi, foleni za kila siku, kuvuta tela, joto kali, na safari fupi ambazo injini haipati moto kamili. Kwa matumizi hayo, ratiba nyingi hupunguza muda hadi karibu nusu. Kwa hiyo 5,000 inaweza kuwa sahihi kwako na upotevu kwa jirani yako mwenye gari la aina ileile. Stika inayobandikwa kwenye kioo haijui unaendeshaje.

Safari fupi zinastahili kuelezwa zaidi, maana ndizo zinazowapoteza wenye magari yanayotembea kidogo. Injini inapowaka ikiwa baridi, mvuke wa maji na petroli kidogo ambayo haikuungua hupenya hadi kwenye oili. Ukiendesha muda wa kutosha, joto huvifukuza. Ukizima baada ya dakika chache, vinabaki. Gari la kwenda dukani na kurudi linaweza kumaliza mwaka na kilomita 3,000 tu huku oili yake ikiwa katika hali mbaya kuliko ya gari la safari ndefu. Ndiyo sababu kuna kikomo cha muda, mara nyingi miezi 12.

Weusi nao si ushahidi wa kutosha. Oili nzuri ina visafishaji vinavyoshika masizi ili yasigande kwenye injini. Ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa. Yule anayechomoa kijiti cha kupimia oili mbele yako na kusema “tazama ilivyo nyeusi” hajakuonyesha kitu. Rangi ya maziwa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu huashiria maji yameingia kwenye oili.

Kuna pia imani kwamba injini kuukuu inahitaji oili nzito. Namba kama 0W-20 au 5W-30, zinazoonyesha uzito wa oili, huchaguliwa kulingana na nafasi zilizopo kati ya vyuma na upana wa njia za oili. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, wakati ambapo uchakavu ni mkubwa. Kama kitabu kinaruhusu daraja zaidi ya moja, chagua ndani ya ruhusa hiyo. Na kwenye kopo, tafuta kiwango cha ubora, kwa mfano API SP (daraja la Taasisi ya Petroli ya Marekani), kabla ya kutazama jina la kampuni.

“Oili ya giaboksi ni ya maisha”

Maisha ya nani? ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi otomatiki kwa kampuni nyingi za magari, inapendekeza oili ya giaboksi zake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Wasiwasi kwamba kubadilisha oili “kunaua” giaboksi kuukuu mara nyingi hutokana na magari yaliyopelekwa gereji yakiwa tayari yanateleza gia. Oili mpya haiwezi kurudisha bamba za klachi zilizokwisha. Zingatia pia aina. Giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake, na kuiwekea ya otomatiki ya kawaida ni kuiharibu.

“Mkanda wa taiming ukikatika nitaubadilisha”

Kwenye injini nyingi, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda wa taiming, unaounganisha mzunguko wa valvu na wa pistoni, ndio unaolinda zamu hizo. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu zilizo wazi. Hapo hununui mkanda tena. Unanunua valvu, pengine pistoni, pengine injini nzima.

Kazi hii pia inafundisha jinsi bei ya gereji inavyoundwa. Mkanda wenyewe si ghali. Kinacholipiwa ni saa za kufungua kila kilichoufunika. Fundi akipendekeza kubadilisha vikaza mkanda kwa pamoja, na pampu ya maji pale inapozungushwa na mkanda huohuo, anakuokolea pesa. Pampu ikianza kuvuja mwaka mmoja baadaye, utalipia saa zilezile mara ya pili. Gari lako likiwa na cheni badala ya mkanda, huna tarehe ya kubadilisha, lakini cheni inategemea oili safi. Kelele ya kugongagonga injini inapowaka baridi isipuuzwe.

“Kazi imechukua dakika arobaini, kwa nini nilipe saa nzima?”

Gereji nyingi hutoza ufundi kwa saa zilizopangwa katika orodha ya kazi, sio kwa saa ya ukutani. Fundi mzoefu akimaliza mapema, bei haishuki; mgeni akikwama kwenye bolti iliyoshika kutu, haipaswi kupanda kiholela. Mimi nauona mpango huu kuwa wa haki, mradi utajiwe saa hizo kabla kazi haijaanza.

Upande wa spea ndiko kwenye nafasi kubwa ya kupunguza gharama. Kampuni za magari hazitengenezi kila kipuri chenye nembo yao. Plagi hutoka kwa kampuni kama NGK, Denso na Bosch, na plagi inayolingana inaweza kupatikana kwenye boksi la mtengenezaji wake kwa bei ya chini kuliko kwenye boksi la kampuni ya gari. Hatari iko kwenye bandia, hivyo linganisha namba ya kipuri na ununue kwa muuzaji anayetoa risiti. Omba karatasi itenganishe spea, oili kwa lita na daraja, na ufundi. Ikiwa injini yako inachukua lita 4 na umeandikiwa 6, uliza. Omba pia kurudishiwa spea za zamani. Kama pedi za breki zilizotolewa bado ni nene, utaziona kwa macho yako; nyingi huanza na milimita 10 hadi 12, na zikifika karibu 3 zinabadilishwa.

“Waranti hufutika ukienda gereji ya nje”

Hili hutegemea sheria. Marekani ina sheria ya 1975 inayozuia mtengenezaji kulazimisha huduma au spea za jina lake kama sharti la waranti, isipokuwa akizitoa bure au apewe kibali maalumu. Umoja wa Ulaya una kanuni za 2010 zenye mwelekeo huohuo. Popote ulipo, soma masharti ya waranti yako na utunze risiti zenye tarehe, kilomita na aina ya oili, kwani mgogoro ukitokea utatakiwa kuthibitisha kwamba servisi ilifanyika ipasavyo.

Nyongeza zinazouzwa kwa haraka

Nitrojeni kwenye tairi: hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78, na kupima upepo kila mwezi kutakusaidia zaidi. Upepo sahihi umeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya kikomo cha juu. Petroli ya okteni kubwa haiongezi nguvu kwenye injini isiyoihitaji. Alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa magurudumu) na balansi (kusawazisha uzito wake) ni kazi mbili: gari likivuta upande mmoja ni alaimenti, usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani anza na balansi. Na filta chafu ya hewa? Maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye magari ya kisasa ya petroli hupunguza uchapukaji, ila haiongezi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Ibadilishe kwa zamu yake, lakini usiahidiwe akiba ya petroli.

“Kompyuta imesema sensa imekufa”

Kompyuta haikusema hivyo; ilitoa msimbo wa hitilafu tu. Msimbo P0171, kwa mfano, unaeleza kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, pampu dhaifu ya mafuta, sensa chafu ya hewa au uvujaji kwenye ekzosi. Kusoma msimbo huchukua dakika moja. Kutafuta chanzo ni kazi ya fundi, nayo inastahili malipo yake. Kubadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha hugharimu zaidi.

Taa ya njano ya injini, ikiwa imetulia na gari linakwenda vizuri, kwa kawaida inakuruhusu kufika gereji. Ikimetameta, injini inashindwa kuunguza mafuta na kifaa cha kusafisha moshi kinaharibika: punguza mwendo na usimame mapema. Taa nyekundu ya oili haisubiri hata hapo. Inaonyesha kwamba shinikizo la oili limeanguka, na beringi zinaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Zima injini mara tu unapopata pa kusimama salama, pima oili kwa kijiti, na ikiwa kiasi kinatosha lakini taa inabaki, ita gari la kuvuta.