Redio ya gari ikizima, pima moto kwanza

Baridi ya Julai ndiyo huumbua betri zilizochoka hapa Arusha. Asubuhi moja ya baridi hiyo, mama mmoja wa Moshi alileta Toyota yake kwenye karakana ya chuo, ninapofundisha umeme wa magari. Betri ilikuwa imemlalia Usa River. Kijana mmoja akambustia kwa waya za gari jingine, zikatoka cheche, gari likawaka, lakini redio haikuwaka tena. Kioo kilikuwa cheusi, sauti hakuna, hata vitufe havina taa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshamwambia redio imeungua, anunue nyingine. Mama alikuja na hela ya redio mpya mkobani, akitafuta tu mtu wa kumfungia.

Nilimwomba afungue mlango aangalie taa ya ndani ya gari. Haikuwaka. Saa nayo ilikuwa imezima. Hapo hatukuwa na sababu ya kugusa dashibodi. Tulifungua boneti, tukachomoa fyuzi iliyoandikwa DOME, tukakuta uzi wake umekatika. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo ndiyo hulisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio kwa pamoja. Tuliweka nyingine ya ampea zilezile, redio ikawaka. Hela ya redio mpya ilirudi Moshi na mwenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu namwona mtu kama mama huyu karibu kila wiki, na wengi hunifikia redio ya zamani ikiwa imeshatupwa.

Redio ya gari ina nyaya mbili za moto, yaani zinazoleta umeme wa betri, si moja. Wa kwanza hubeba moto saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na ndio unaotunza saa, stesheni na kumbukumbu. Wa pili hupata moto ukizungusha ufunguo hadi ACC, hatua ya kabla ya kuwasha injini, na kazi yake ni kuiambia redio iamke. Wa tatu ni ethi, unaorudi kwenye bodi ya gari. Ukikosekana mmoja wowote, redio itaonekana imekufa hata kama ni nzima kabisa. Kwenye redio za kununua, moto wa kudumu kwa kawaida ni waya wa njano, wa ACC ni mwekundu, na ethi ni mweusi. Kwenye plagi asilia za Toyota nyingi rangi ni tofauti: bluu yenye mstari wa njano, kijivu, na kahawia. Fundi anayefuata rangi za redio kwenye plagi ya gari bila kupima anabahatisha.

Anza na betri. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na injini ikiwa inanguruma unatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Kisha njoo kwenye fyuzi: ile ya ACC, zile za redio, na hiyo ya DOME. Usisahau fyuzi iliyopachikwa mgongoni mwa redio yenyewe, kama ipo. Fyuzi ikikatika weka ya ampea zilezile. Nimeona za 10 zimebadilishwa kwa za 30, na nimeona karatasi ya sigara imeviringishwa mahali pa fyuzi. Ukifanya hivyo, waya ndio unakuwa fyuzi, nao unapita nyuma ya dashibodi ya plastiki, mbele ya magoti yako.

Fyuzi zikiwa nzima, hapo ndipo watu wengi hudanganywa na mita ya kupimia volti. Tulipokea Land Cruiser ya utalii iliyotoka Ziwa Natron, siku nyingi kwenye barabara ya matuta na vumbi. Redio ilikuwa inazima ovyo, na siku ile ikagoma kabisa. Mwanafunzi alipima kwenye plagi akapata volti 12.4, akasema moto upo, ubovu uko kwenye redio. Nilimpa balbu ya indiketa ya wati 21, nikamwambia aiunge kati ya waya wa moto na ethi ya plagi, kisha apime tena balbu ikiwa pale. Uzi wa balbu ukawa mwekundu kidogo tu, na mita ikaanguka hadi volti 4. Mita hainywi moto, kwa hiyo hata waya ulioliwa na kutu ukabakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti kamili. Balbu hiyo hunywa karibu ampea 1.75, na waya mbovu hauwezi kuzipitisha. Tuliufuata waya wa ethi hadi nyuma ya dashibodi, tukakuta skrubu yake imelegea, chini yake kuna vumbi lililogandamana na kutu. Ilipigwa msasa, ikakazwa, na balbu ikawaka nyeupe.

Kuna kifo kingine ambacho si ubovu, ni redio kujifunga tu ikidai kufunguliwa. Baadhi ya redio za ramani kwenye Toyota zilizotoka Japani, betri ikichomolewa, hudai kadi ya SD ya ramani iliyokuja nazo. Bila kadi hiyo kioo hubaki na maandishi ya Kijapani na hakikubali kitu. Nyingine huonyesha namba ya ERC, yaani namba ya utambulisho wa redio hiyo, na kutokana nayo ndipo hutafutwa namba ya kufungulia. Kadi ile inaonekana haina faida, watu huichomoa wakaweka nyimbo. Iache mahali pake. Na redio hiyo ikiwaka lakini ikakosa stesheni nyingi, haijaharibika: Japani FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 kwa za karibuni, wakati kwetu ni 87.5 hadi 108.

Ikiwa moto umepimwa kwa balbu na umetosha, sasa redio itolewe. Kama kazi inakaribia mifuko ya hewa ya ajali, chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, ukizingatia niliyosema kuhusu kadi. Redio inayozima ukiongeza sauti ichunguzwe nyaya za spika kwanza. Waya mmoja ukichubuka mlangoni ukagusa bodi, redio hujizima kujilinda. Inayokata fyuzi papo hapo baada ya kubustiwa kinyume, yaani chanya na hasi zikipishana, mara nyingi ni diodi ya ulinzi iliyokufa ndani, kitu kidogo kinachobanduliwa na kubandikwa kingine. Kama sauti ipo na kioo ni cheusi, ingia gizani, mulika kioo kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo.

Inayoganda kwenye nembo na kurudia kuwaka, huo ni ugonjwa wa programu au kumbukumbu. Mwaka 2022 huko Seattle, Marekani, redio za Mazda za 2014 hadi 2017 zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma kwa sababu stesheni ya KUOW ilirusha picha zenye majina ya faili yasiyokamilika. Mwaka mmoja kabla, Tesla iliita karibu magari 135,000 ya Model S na Model X kwa ajili ya chipu ya kumbukumbu iliyochakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Hapa mwambie fundi ajaribu kitufe cha kuanzisha upya, kisha programu sahihi ya modeli yako, kabla ya kugusa chipu.

Ukilazimika kubadilisha redio, kataa plagi ya gari kukatwa. Zipo plagi za kuunganishia, na ukikata, fundi anayefuata atabahatisha. Kabla hujatoka gereji weka rivasi uone kamera, kisha zima gari, chomoa ufunguo na uhakikishe redio imezima. Asubuhi ya pili pima betri kabla ya kuwasha. Ikiwa jana ilikuwa 12.6 na leo ni 12.2, huenda waya wa njano na mwekundu vimefungwa pamoja, na redio inakunywa betri yako usiku kucha. Rudi kwa fundi huyohuyo siku hiyohiyo.