HondaJet: injini zimepandaje juu ya bawa?

Kila ninapowaonyesha wanafunzi wa ufundi wa ndege picha ya HondaJet, ndege ndogo ya biashara ya kampuni ya Honda, swali huwa lilelile: injini zimepandaje pale? Wamezoea ndege ndogo za biashara zenye injini zilizobanwa ubavuni, karibu na mkia. Za hii zimesimama juu ya mabawa, kila moja na mguu wake.

Mimi mwenyewe mwanzoni niliona ni mbwembwe. Tulifundishwa kwamba mgongo wa bawa haubebeshwi kitu. Hewa inayopita pale huenda mbio kuliko ndege yenyewe, hivyo ndege ikikaribia robo tatu ya kasi ya sauti, hewa ya mgongoni huwa imeshaifikia kasi ya sauti. Hapo huzuka wimbi la mshtuko, nalo huivuta ndege nyuma. Sasa upachike injini hapohapo?

Michimasa Fujino, mhandisi wa Honda, alianza utafiti wa ndege Marekani mwaka 1986, katika Mississippi State University. Ndege yao ya majaribio, MH02, iliruka 1993, lakini haikuingia sokoni. Mwaka 1997 akachora umbo la HondaJet nyuma ya karatasi ya kalenda. Alichogundua ni kwamba ipo sehemu moja ambapo hewa inayozunguka ganda la injini hukutana na ile ya bawa na kulidhoofisha wimbi la mshtuko. Ukiisogeza injini mbele au nyuma ya hapo, faida inapotea. Ndiyo maana walisota sana kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha kupimia umbo la ndege kwa kulipulizia hewa.

Faida kubwa imo ndani. Injini ikishikwa na bodi, bodi hiyo lazima iimarishwe kwa viunzi vinavyokula nafasi ya nyuma, na mtetemo unamfikia abiria. Ukiihamishia kwenye bawa, nyuma kunabaki wazi kwa mizigo na choo chenye mlango. Mnunuzi wa ndege hizi hajali habari za wimbi la mshtuko. Choo anakijali.

Gharama nayo ipo: msukumo ukitokea juu, ukiongeza moto pua inataka kuinama, na mkia ndio unaolipa deni hilo.

Bodi ni ya nyuzi za kaboni, mabawa ni ya alumini, laini kama sahani, ili hewa iteleze bila kuvurugika. Na hapa fundi asidharau kitambaa. Mdudu mmoja aliyekaukia kwenye ukingo wa mbele wa bawa huacha nyuma yake kabari ya hewa iliyochafuka. Futa, halafu pitisha kidole uhakikishe.

HondaJet ya kwanza iliruka Greensboro, North Carolina, tarehe 3 Desemba 2003. Cheti cha Marekani cha kuidhinisha ndege hiyo kikatoka Desemba 2015. Injini ni mbili aina ya HF120, zilizotengenezwa na Honda pamoja na GE. Mwendo wake wa juu ni kama kilomita 780 kwa saa, inapanda hadi futi 43,000, na rubani mmoja anatosha.

Toleo la kwanza huenda takriban kilomita 2,260. Nairobi hadi Johannesburg ni kama 2,900, kwa hiyo utashuka Lusaka kunywesha mafuta. Na tafadhali, iache kwenye lami. Viwanja vya changarawe vya mbugani ni vya Cessna Caravan, ndege ya propela.